Diski Thelathini na Moja

Diski ya kwanza iligonga ukuta kabla Fundi hajamaliza sentensi yake. Iling'oa plasta ya ukubwa wa kiganja, ikaanguka kifudifudi sakafuni, kibao chake cha kijani kimevunjika katikati kama biskuti. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa dirishani, na feni za chumba ziliendelea kuvuma kana kwamba hakuna lililotokea.

"Rudia," kaka yake alisema. "Rudia hapohapo ulipoishia."

Watu walimwita Tani, kwa ajili ya lori la tani kumi aliloliendesha miaka kumi na sita, na kwa ajili ya mwili wenyewe pia. Alisimama katikati ya maboksi manne mapya aliyoyashusha kwenye teksi muda si mrefu, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuifikia diski ya pili.

Fundi angeweza kunyamaza. Kunyamaza mbele ya kaka yake alikuzoea kuliko hata ufundi wenyewe. Lakini kazi hii aliijua kwa vidole, na mtu huona vigumu kukana kinachojulikana na vidole vyake.

"Nimesema hazitufai, kaka. Kadi hizi za kompyuta ni za kuchezea michezo, au za kuchimba sarafu za mtandaoni za namna nyingine. Sarafu yetu inataka nafasi. Ni kama una lori zima, ukaenda kununua injini ya pili badala ya tela."

Ulikuwa mfano mzuri, na ndio uliomwasha Tani.

Lori aliliuza mwaka uliopita, baada ya daktari kumwonyesha kwenye picha pingili mbili za mgongo zilizosagana. Alikaa nyumbani miezi mitatu akitazama ukuta, akimkaripia mkewe kwa chumvi ikizidi na kwa chumvi ikipungua. Fundi ndiye aliyemletea wazo. Kuna sarafu ya mtandaoni, alimweleza, isiyochimbwa kwa kukimbizana. Kompyuta hujaza diski kwa mafaili mazito, na kila faili ni kama tiketi ya bahati nasibu. Kila baada ya muda mfupi namba huitwa, na mwenye tiketi iliyo karibu nayo hupata. Hashindi mwenye mbio, hushinda mwenye ghala. Tani alicheka kwa mara ya kwanza tangu auze lori. "Ghala nalielewa," alisema.

Fundi alitumia wiki tano kuchagua vifaa, na hakuwahi kuwa na wiki tamu kama zile. Alikataa diski mpya za dukani. Alipata diski arobaini zilizotumika kwenye ofisi moja iliyofungwa, kubwa, nzito, za mwendo wa pole, kila moja kwa bei ya kikapu cha mboga. Alizipima moja baada ya nyingine, akiziegesha sikioni kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Tisa zilikuwa zinakwaruza, akazirudisha. Zikabaki thelathini na moja. Akatafuta kompyuta kuukuu isiyokula umeme, akaongeza diski moja tu ya kasi kwa ajili ya kuandalia mafaili, akijua kwamba hiyo itachakaa kwa kazi. Kisha akakata mbao kwa msumeno, akatengeneza rafu ndani ya chumba cha uani kilichokuwa stoo ya vipuri vya lori. Vipuri vyenyewe, jeki, minyororo, spana ya magurudumu ndefu kama mkono wa mtu, alivisogeza kwenye kona kwa heshima, kwa kuwa vilikuwa vya kaka yake.

Mapato yaliingia machache, lakini yaliingia. Fundi aliridhika. Tani alikuwa mtu wa kufika. Alizoea kupakia asubuhi na kupakua jioni. Mwezi wa tatu diski moja ikafa, skrini ikaandika maneno mekundu, na Fundi akamwambia kwamba ndivyo ilivyo, za mitumba hufa, tunabadilisha tunaendelea. Tani alikwenda mjini, akampata muuza duka mwenye tai aliyemwita "bosi," na akarudi na maboksi manne. Akiba yote iliyotengwa kwa diski za kuongezea ilikuwa mle ndani, ikimeremeta kwa taa za rangi.

"Kwa hiyo mimi mjinga," Tani alisema sasa.

"Sijasema hivyo."

"Umenifananisha na mwendawazimu mwenye injini mbili. Mimi! Niliyekulipia shule mpaka ukaitwa Fundi!"

Akairusha diski ya pili. Hii hakuilenga ukutani. Ilimpata Fundi begani, na mkono mzima ukafa ganzi mpaka kwenye kucha. Kabla hajapata pumzi, Tani alikuwa amemfikia. Ngumi ya kwanza ilimpata tumboni, ya pili kwenye sikio, na sauti ya feni ikageuka kuwa mluzi mwembamba usio na mwisho. Alianguka juu ya rafu. Rafu ikalalama, ikainama, ikamwaga diski zake moja moja kama meno yanayong'oka, na kila moja ilipogonga saruji Fundi alisikia kwa mwili wake, si kwa masikio.

Hakuinua mkono. Hakuwahi. Baba yao alipofariki Fundi alikuwa na miaka tisa, na tangu hapo mkono uliompiga ndio uliomlisha. Alikua akidhani mkono ni mmoja na haugawanyiki.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Shemeji yake aliingia na kanga mbichi aliyokuwa akianika, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Baba watoto! Utamuua!"

"Toka."

"Sitoki. Mwache kwanza."

Alijiingiza katikati yao, kiganja chake kikiwa kifuani kwa mumewe. Tani hakumtazama hata usoni. Alimfagia kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayesukuma pazia, na shemeji akajigonga kwenye fremu ya mlango. Alipogeuka, mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka, na damu ikamtiririkia kidevuni.

Fundi hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika kwenye kona. Alikumbuka ubaridi wa chuma kiganjani. Alikumbuka pia kwamba hakuona giza mbele ya macho, kama watu wasemavyo. Aliona vyema kabisa, kuliko siku nyingine yoyote. Alichagua mahali. Alichagua kama alivyochagua diski, kwa utulivu na kwa hesabu, na spana ya magurudumu ikashuka juu ya mkono wa kulia wa kaka yake, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Mfupa ulitoa sauti ndogo kuliko alivyotarajia.

Tani alipiga magoti. Hakulia, alitoa mguno kama wa ng'ombe, akautazama mkono wake uliopinda pasipo na kiungo. Fundi akampiga tena, begani. Kisha mgongoni, pale kwenye pingili zilezile alizoonyeshwa na daktari, kwa kuwa alijua ndipo palipouma zaidi. Na hapo, katikati ya pigo la tatu na la nne, akaonja utamu mdomoni. Haukuwa utamu wa haki. Ulikuwa utamu mtupu, kama wa mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya miaka, na alitaka zaidi. Aliinua spana.

"Shemeji."

Aligeuka. Alitegemea kuona shukrani, au angalau mshangao. Shemeji yake alikuwa amejibana ukutani, kanga ameikumbatia kifuani, na macho aliyomtazama nayo Fundi aliyafahamu vizuri. Aliyaona kila Tani alipopandisha sauti mezani. Hakuwahi kuyaona yakielekezwa kwake.

"Weka chini hicho chuma," alisema taratibu, damu ikimzuia maneno. "Weka chini. Na usinitazame hivyo ukidhani nitakwambia ahsante."

Fundi aliiweka chini. Vidole vilikataa kufunguka. Ilibidi avibandue kwa mkono mwingine, kimoja kimoja.

Diski nne bado zilikuwa zimeunganishwa kwenye kebo zake, zinaning'inia, zikizunguka kwa uaminifu. Shemeji alijifuta kidevu kwa ncha ya kanga. Alikwenda ndani, akarudi na mkoba begani, akawaambia kwamba anapita shuleni kuwachukua watoto na kwamba watalala kwa dada yake. Mumewe alimwita kwa jina lake la ubinti. Hakusimama.

Hospitali haikuwa mbali. Tani alikaa kiti cha nyuma cha teksi, mkono ameulaza mapajani kama mtoto mgonjwa, na kila teksi ilipoingia shimoni alifunga macho. Dirishani pa mapokezi, karani aliyekuwa akitafuna kalamu aliuliza kimetokea nini.

"Nimeangukiwa na rafu," Tani alisema haraka.

Karani akaanza kuandika. Fundi alizijua rafu hizo. Mwenyewe aliwahi kuangukiwa na ngazi, na mlango, na mara moja baiskeli, katika madirisha kama lile.

"Si rafu," alisema. "Nimempiga mimi. Kwa spana ya lori."

Kalamu ilisimama. Karani alimtazama yeye, akamtazama jitu lile lenye sura ya majivu, kana kwamba hesabu haikubali.

"Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Nyamaza," Tani alinong'ona. "Wewe mtoto, nyamaza, wataita polisi."

"Waite."

Karani alisema atamwarifu askari wa zamu wa kituo cha hospitali, na wakae kwenye benchi wasubiri. Wakakaa. Tani alifungwa banzi, akaning'iniziwa mkono kwa kitambaa cheupe, akarudishwa palepale kusubiri kufungwa plasta ngumu. Kando yao mwanamke alikuwa akimbembeleza mtoto mwenye homa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na hakuna aliyejali.

"Diski zimebaki ngapi?" Tani aliuliza, akitazama sakafu.

"Sijui. Sijazipima."

"Yule wa dukani ameniambia kadi zitazaa mara mbili."

"Najua, kaka."

"Aliniita bosi."

Fundi aliona kwamba kitambaa kimeikunja kola ya shati la kaka yake na kuibana chini ya fundo, na kwamba fundo linamkata shingo na mwenyewe hawezi kulifikia. Akanyoosha mkono ailegeze.

Tani akajikunyata. Mabega yalipanda hadi masikioni, kichwa kikazama katikati yake, macho yakafumba kwa nguvu. Mwili wote ule mkubwa ulingoja.

Mkono wa Fundi ukabaki hewani.

"Ni kola tu, kaka," alisema.

Tani alifumbua macho, lakini kichwa hakukiinua.