Mgeni wa Chumba Kimoja

Vidole vya mjukuu wangu vilidonoa vitufe kama kuku anayewahi mtama kabla ya mvua. Nyuma ya ukuta babu yake amelala, damu imevia ndani ya fuvu, na picha za kichwa chake zilikuwa nzito mno kwa barua pepe. Bingwa wa upasuaji, aliyekuwa mji mwingine, alikuwa na nusu saa tu ya kuzitazama na kutoa neno: apasuliwe, au asiguswe.

Mjukuu wangu ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali ile. Akaamua kuigeuza kompyuta ya mfumo wa Linux yenye picha iwe seva, ghala ambamo bingwa angeyachukua mafaili akiwa huko aliko. Akamtungia jina na nywila, akamfungia ndani ya folda moja.

"Inanitoa nje," bingwa alisema kwenye simu. "Zimebaki dakika kumi na mbili."

"Mpe ruhusa zote," nikasema.

"Nimeshampa, Bibi."

"Basi acha wazi, aingie yeyote!"

"Humu mna picha za wagonjwa wote."

"Mke mwenza, unataka kumuua mume wetu?"

Utani wetu wa siku zote ulitoka mdomoni ukiwa na miiba.  Aliendelea kudonoa vitufe, nami nikakumbuka kuwa mle ndani mna picha ya tumbo langu, ile niliyomsihi asimwambie hata mama yake. Hakumwambia.

Mimi nikiogopa hutega vitendawili. "Mgeni kapewa kila kitu," nikanong'ona, "bado yuko nje."

"Bibi, tafadhali..." Vidole vikasimama juu ya vitufe. "Kapewa kila kitu!" Akacheka kicheko kikavu. "Nimemfungia chumba kimoja, kisha nikamruhusu kuandika humo. Programu hii ya seva haipokei mgeni wa hivyo. Atazame tu."

Akaandika mstari mmoja, wa kumpokonya ruhusa hiyo ya kuandika.

"Nimeingia," bingwa alisema.

Kwenye simu ikasikika mibofyo ya kipanya chake. Picha moja baada ya nyingine. Niliushika ukingo wa meza hadi kucha zikauma.

"Nani yuko karibu na mgonjwa?"

"Mkewe," nikajibu.

"Mama, waambie wamnyoe upande wa kulia. Sasa hivi."

Miaka arobaini na mmoja, kichwa kile hakijanyolewa na mkono mwingine ila wangu. Nikainuka kwenda kuomba wembe.