Chipu za Kukuzia Ramani

Jicho la kushoto la mama lilizimika mwaka jana, na kuhusu la kulia daktari hakuahidi kitu. Ramani yake ya mifereji ya bonde ilikuwa bado na kosa mahali fulani. Mama aliapa lipo, na hakutaka mtu mwingine alirekebishe. Lakini programu aliyoichorea iliendeshwa na kompyuta yake kuukuu tu. Kila nilipoikuza ramani ili aione, mashine iligoma: kumbukumbu haitoshi. Kwenye kadi yake ya kuongeza kasi palikuwa na safu ya soketi tupu za kumbukumbu. Nilihitaji chipu za kuzijaza, zote za kasi moja.

Nikaenda kwa muuza mashine chakavu, ambaye mtaa mzima humwita Kobe. Alimimina chipu mezani.

"Chagua, dada. Hizi hata jua hazijaliona."

Niliichukua moja, nikaisugua mgongo kwa pamba yenye spiriti. Namba zilihamia kwenye pamba. Chini yake zikatokea nyingine, za chipu ya polepole.

"Zimeandikwa upya hizi, kaka."

"Mimi nauza, siandiki." Akainusa pamba, kana kwamba harufu ingemtetea. "Na wewe umekuja kununua au kuziogesha?"

Sikumjua muuzaji mwingine. Nilizisugua zote, na zote zikachuja. Nyuma yake, kwenye lundo la mashine mbovu, palikuwa na printa ya ofisi ya enzi ileile ya kompyuta ya mama. Printa kubwa huwa na kumbukumbu zake. Nikaifungua ubavu. Chipu zilikuwemo, na namba zake hazikutoka kwa spiriti. Ila zilikuwa zimelehemiwa kwenye bodi.

"Utazing'oa kwa meno?" Kobe aliuliza, kisha akaniletea mwenyewe kipuliza hewa ya moto, nikayeyusha lehemu na kuzitoa moja moja.

Nyumbani mama alikuwa ameketi mbele ya mashine iliyozimwa.

"Umepata?"

"Ngoja kwanza, mama."

Chipu ya mwisho iliingia vibaya. Mguu mmoja ulijikunja chini yake. Mguu wa namna hiyo hunyooshwa mara moja, mara ya pili hukatika, nami sikuwa na chipu ya akiba. Niliunyoosha kwa kibanio. Ikaingia.

Nikawasha. Hesabu ya kumbukumbu ilipanda, ikasita palepale ilipozoea kukomea, halafu ikaendelea. Nikaifungua ramani.

"Bado haijafunguka?" mama aliuliza.

Ilikuwa wazi mbele ya uso wake.

"Imefunguka, mama."

Akapapasa ukingo wa kioo. "Kuza."

Nikakuza. Mashine ilikoroma, mistari ikajichora mmoja mmoja.

"Tena."

Nilisubiri ujumbe ule wa kugoma. Haukuja.

"Tena, mwanangu. Unaogopa nini?"

Tawi moja la mfereji lilijaa kioo kizima. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kukigusa, akafuata mstari polepole, akasimama.

"Ona mjinga mimi. Nimeyapandisha maji kilimani. Lete kipanya, na usinikingie mwanga."