Ladha ya Sabuni

"Haya, onja wewe," msimamizi aliniambia, akaninyooshea kijiko.

Jiko zima lilinigeukia. Watu saba walikuwa wameshaionja ile supu ya dengu, na wote walisema ni supu tu, haina kasoro. Msimamizi hakuwaamini. Alisema wanamlinda mtu. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama kando ya sinki la masufuria, aproni imemlowa mpaka magotini, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa shangazi yangu.

Nikaonja. Sabuni ilinijaa mdomoni, ile ile ya mche tunayofulia nguo, mpaka nikahisi povu litanitokea puani. Nilimeza kwa taabu.

"Sema," msimamizi alisema.

Shangazi alinitazama bila wasiwasi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa ametulia kwa sababu aliyeshika kijiko nilikuwa mimi.

"Ina sabuni," nikasema.

Lilikuwa jiko la hospitali, lenye utaratibu wake. Kila siku, kabla matoroli hayajasukumwa kwenda wodini, msimamizi alionja kijiko kimoja kutoka kila sufuria, kisha akatia sahihi kwenye daftari. Bila sahihi hiyo hakuna mgonjwa aliyekula. Wiki ile ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka likizo ndefu, na siku yake ya pili tu akaitema supu. Toroli la wodi ya wanaume lilikuwa limetangulia kwa makosa kabla hajaonja, na mchana huo huo wodi hiyo ikarudisha bakuli mbili, wenyewe wakilalamika kwamba jikoni hatusuuzi vyombo. Bakuli mbili kati ya themanini. Ingetupasa tushtuke kwa uchache wake, lakini nani alikuwa na nafasi ya kufikiri? Sabuni kwenye chakula cha mgonjwa si jambo la mzaha, na mwosha masufuria alikuwa mmoja tu, kwa miaka kumi na mmoja.

Mimi nilikuwa namenya viazi na karoti chumba cha nyuma. Shangazi ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitatu, na ndiye aliyenitafutia kazi ile. Jikoni waliniita Mizani. Siku yangu ya kwanza, wenzangu wakimsifia mpishi mkuu wali wake, mimi nilimwambia umeshika chini na unanuka moshi. Uongo ulikuwa haunipiti kooni. Shangazi alijivunia tabia hiyo kuliko alivyojivunia kitu kingine chochote changu. "Huyu nimemlea mwenyewe," aliwaambia.

Kwa hiyo niliposema, kesi ilikwisha. Msimamizi alimwagiza Shangazi avue aproni, aende nyumbani, arudi Ijumaa kujieleza mbele ya mganga mkuu. Sote tulijua vikao vya namna hiyo huishia wapi. Alitundika aproni kwenye msumari wake, akainyoosha ile sehemu iliyokunjika, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jioni nilirudi nyumbani nimejiandaa kutukanwa. Njia nzima nilikuwa napanga majibu. Nilimkuta ameinama juu ya beseni anaosha kikombe. Akakisuuza, akakinusa, akakisuuza tena. Kilikuwa kikombe kile kile.

"Shangazi, nisamehe. Ningesema nini mimi?"

"Ungesema ulichokisikia mdomoni, na ndicho ulichosema." Hakuinua uso. "Mimi nakumbuka nimesuuza, mwanangu. Maji matatu, kama siku zote. Nakumbuka kabisa. Sasa kama sikusuuza, basi nimezeeka na sina habari."

Akakinusa kikombe tena. Ningefurahi kama angenizaba kofi.

Kesho yake waliniweka mimi kwenye sinki lake. Nilisugua sufuria kubwa ya supu kama mwenye ugomvi nayo. Nilisuuza maji matano, ya mwisho yakiwa yametoka kuchemka, kisha nikaingiza kichwa na kulamba ukuta wake wa ndani. Haikuwa na ladha ya kitu ila bati. Nikaibeba mwenyewe mpaka jikoni na kusimama pembeni yake, hadi mpishi mkuu akaniuliza kama naogopa itaruka.

Dengu zilipoiva nikachota kijiko. Sabuni.

Sufuria ile nilikuwa nimeiosha kwa mikono yangu na kuilamba kwa ulimi wangu. Ikiwa bado ilikuwa na sabuni, basi jana nilikuwa nimemchongea mtu asiye na kosa, tena mtu aliyenilisha. Nilianza kuonja kila kilichoingia mle: maji ya bomba, dengu mbichi, chumvi, mafuta, nyanya.

"Mizani, una mimba nini?" mpishi mkuu aliuliza.

Karibu na mkono wake kulikuwa na kibakuli cha rojo la kijani, alilolisaga mwenyewe kila alfajiri pamoja na vitunguu saumu, kabla sisi wengine hatujafika. Nikachovya kidole. Ilikuwa hapo, yote, kali kuliko kwenye supu.

"Hii ni nini?"

"Giligilani. Wengine wanaita dania. Nimeanza kuitia bosi alipokuwa likizo. Si inanukia vizuri?"

Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuila, au ndivyo nilivyodhani.

Nilitoa fungu bichi kwenye friji, nikaenda nalo ofisini kwa msimamizi. Kikao kilikuwa kesho, na mtu yule angeweza kutufukuza wawili kwa barua moja. Mpishi mkuu alinifuata na wenzake wawili, nadhani kwa umbea tu.

"Bosi, naomba utafune jani hili."

"Mimi mbuzi?"

"Jani moja tu. Halijakaribia sabuni. Tutafune wote."

Tukatafuna watu watano. Mpishi na wenzake walitafuna vizuri tu, mmoja akaongeza. Msimamizi alitafuna mara mbili, taya likasimama. Alinitazama. Nami nilikuwa nimekunja uso vile vile alivyoukunja yeye. Akatoa leso na kutema.

"Nani kaosha majani haya na sabuni?" alisema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua nguvu.

"Hakuna mtu, bosi. Ndivyo yalivyo kwetu mimi na wewe. Na wale wagonjwa wawili."

"Mbona matamu," mpishi mkuu alisema taratibu, bado anatafuna. Hakuna aliyecheka.

Baadaye daktari mmoja alitueleza kwamba kuna watu wanaozaliwa hivyo. Ndani ya jani lile mna harufu iliyo jamaa na ya sabuni, na pua zao huidaka hiyo kabla ya nyingine, wakati watu wengi hupata uzuri wake tu. Hakuna mwongo kati yao, alisema. Msimamizi aliandika barua ya mistari miwili kumrudisha Shangazi kazini. Neno la kuomba radhi halikuwamo.

Jioni ya siku ile ya kutafuna majani nilimpelekea shina moja la giligilani nyumbani. Alilinusa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Ulipokuwa na miaka minne ulitema mchuzi wangu, ukalia, ukasema nimekutilia sabuni," alisema. "Nikaacha kuipikia. Nilidhani ni utoto."

"Kwani wewe unaipenda?"

"Sana."

Miaka kumi na minane alikuwa amepika bila kitu anachokipenda, na mimi nilikuwa nakula na kuomba kuongezwa. Nilishindwa kumtazama.

"Sasa jana mbona hukukumbuka, Shangazi?"

"Ulisema sabuni, nikaifikiria mikono yangu," alijibu. "Ulimi wako sikuufikiria."

Jumatatu alirudi kwenye sinki lake, wakampigia makofi. Lakini kutoka chumba cha nyuma nilikuwa nasikia maji yakimwagika, na nilikuwa nahesabu. Matatu. Manne. Matano. Kisha kimya kifupi, na nilijua ameinama ananusa. Aliendelea hivyo mpaka siku aliyostaafu. Barua ya msimamizi ilimrudishia kazi, ila ule uhakika wa mikono yake niliuondoa mimi kwa maneno mawili, na sijapata wa kumwomba aurudishe.

Sasa anaishi kwangu. Magoti hayamruhusu kusimama sana, kwa hiyo napika mimi. Supu ya dengu naitilia giligilani nyingi, nimeikatakata mwenyewe, vidole vikinuka kama nimetoka kufua. Ikichemka, humsikia akiuliza kutoka kitini kwake:

"Imekolea?"

Zamani ningemjibu hapo hapo. Naonja, sabuni inanijaa mdomo mzima, nameza. Kisha nachota kijiko kingine, nakipuliza kipoe, namfuata nacho alipo.

"Sijui, Shangazi," namwambia. "Onja wewe."