Jino la Bunduki ya Bwana Tupa

Wakubwa hawakosi chuma cha kutengenezea kitu cha kuua; mafuta ya kukipaka ndiyo huwa yamekwisha. Kwa hiyo asubuhi ile, kando ya machimbo ya udongo mweupe ya Kariandusi, Kiprugut, kibarua wa shamba, aliipaka bunduki ya bwana wake mafuta ya kondoo, vile alivyozoea kupaka plau.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Bwana Tupa, mwenye shamba la pareto, aliitwa hivyo na wafanyakazi kwa sababu tupa ya kusagia chuma haikumtoka mkononi. Alichukua bunduki ya kutoboa vifaru vya vita, akaichonga mpaka ikawa inapiga yenyewe, risasi juu ya risasi. Alitaka serikali iinunue, ya kuvunja injini za malori. Komeo lake, chuma kizito cha kusukuma risasi ndani na kuifyatua, lilishikwa nyuma na jino moja. Bwana aliona triga ni ngumu, akalisaga jino hilo likabaki dogo kama la panya.

"Jaza, vuta, ngoja," alisema, kisha akapita mbele ya mtutu pamoja na nyapara Nicodemus, kwenda kutazama matundu kwenye trekta bovu walilolipiga mwanzo.

Kiprugut, amekwisha kujaza risasi na kuvuta komeo nyuma, amelala kifudifudi, akasikia *tik*. Jua lilikuwa limeyeyusha mafuta ya kondoo, na jino lilikuwa linateleza. Akaudaka mpini wa komeo kwa mikono miwili. Springi ikamvuta kama ng'ombe dume.

"Bwana! Toka mbele!"

Bwana Tupa akageuka, kifua chake sawasawa na mtutu. "Nani nafundisha mimi kutembea?"

"Jino limeachia! Toka!"

"Wewe Kiprugut," Nicodemus akapaza sauti, "bwana anaongea na wewe umelala kama mamba? Simama!"

"Toa mkono kwa bunduki yangu!" bwana akafoka. "Toa sasa hivi!"

Mpini ulikuwa unamkata Kiprugut kiganjani, damu inamtoka. Akamkumbuka Jepchumba, mke wake, alivyotetemeka kwa homa ya mapafu, na bwana huyu akasema lori ni la pareto, si la wagonjwa. Walimzika kesho yake. Hakuna aliyemwuliza bwana neno, si mkuu wa wilaya wala nani. Sasa bwana mwenyewe anatoa amri, shahidi yupo. Mfanyakazi mtiifu angefanya nini?

Vidole vikaanza kufunguka.

"Umesikia, mkaidi?" Nicodemus akacheka, akasogea karibu na bwana. Nicodemus, ambaye nyumbani alikuwa na watoto wadogo.

Kiprugut akauma meno, akakisukuma kitako cha bunduki kwa bega mpaka mtutu ukageukia ukuta wa machimbo. Mpini ukamponyoka. Bunduki ikanguruma mpaka ikamaliza risasi zote. Ukuta ukabomoka, vumbi likawafunika wote.

Lilipotulia, Nicodemus alikuwa amepiga magoti. "Ungetuua!"

"Mlikuwa mnaniamuru," Kiprugut akasema.

Bwana Tupa akapangusa macho, akaikimbilia bunduki, akaupapasa mtutu uliokuwa bado wa moto. Hakutazama kiganja cha mtu. "Ona! Napiga bila kusimama! Mzuri sana! Jaza tena."

Kiprugut akachana kipande cha shati, akafunga mkono, akaanza kuteremka kuelekea Elmenteita.

"Kiprugut! Ukienda, shamba langu hapana rudi!"

Hakugeuka. Nyuma yake akasikia bwana akimwita Nicodemus alale chini.