Upande wa Chini wa Bahari

Libérata hakuipenda ile karatasi tangu ilipotua mezani. Ilikuwa safi mno. Maurice, mfanyabiashara wa Mubi na mkubwa wa kwaya ya vijana, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba pale Kingi, mashariki mwa Kongo, akiomba wazazi watie sahihi. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba Mombasa, na siku ya mwisho vijana wangeogelea baharini, Aimée, binti wa Libérata, akiwa mmoja wao. Maji, na binti mwenyewe ni wa pekee! Libérata alikuwa ameshaogopa kabla hajasoma neno.

"Mama Aimée, musiwe na wasiwasi," Maurice alisema, akijipepea kwa kofia. "Mimi nilishafika Mombasa mara ine. Bahari naijua."

"Mara ine," Libérata akarudia, akiendelea kuchambua maharage.

Akasoma polepole masharti ambayo Maurice alikuwa ameandika. Hakuna kuingia majini mtu akiwa ameshiba ugali. Waingie wawili wawili. Asiyejua kuogelea asipite magoti. Mpaka hapo hakuona ubaya, na jambo hilo likamuudhi, kwani alikuwa na hakika ubaya upo mahali. Kisha akafika mstari wa nne: vijana wataingia upande wa juu, na Maurice atasimama upande wa chini na kamba, amdake atakayechukuliwa na maji.

Akaacha maharage.

Hivyo ndivyo watu wa Kingi walivyovuka mto kila mvua ilipobeba daraja la miti. Yeye mwenyewe aliwahi kudakwa kwa kamba namna hiyo, mimba ya Aimée ikiwa ya miezi saba. Lakini kaka yake Valens, dereva wa lori, alishamsimulia bahari: maji yanakuja na kurudi, na yakirudi nawe yanakupeleka ndani, kusiko na ng'ambo.

"Papa Maurice, bahari inatelemuka kwenda wapi?"

"Namna gani?"

"Umeandika upande wa chini. Upande wa chini ya bahari iko wapi?"

Maurice akacheka, kicheko kikaishia njiani. Akaitazama karatasi yake kama anaiona kwa mara ya kwanza. Aimée, aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa. Kwake safari ilikuwa imekwisha.

"Ulifika ao hukufika?" Libérata akamuuliza Maurice.

"Bidhaa zangu njo zilifika Mombasa," Maurice akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilizipokelea Kampala. Watu wakaanza kuniita mutu wa Mombasa, nikanyamaza."

Libérata alikasirika, tena sana. Mtoto wake angezama huku mwanamume mzima akimngoja na kamba mahali asipopita mtu! Alitaka kuichana ile karatasi. Akamtazama Aimée, ambaye tangu Pasaka alikuwa akiimba hata akiteka maji. Akamsukumia Maurice kalamu.

"Andika pale juu, mbele ya yote: Maurice hajaona bahari."

"Mama, wazazi wengine watasoma!"

"Njo maana. Na chini yake: hakuna mutu atalowesha muguu mbele ya kuuliza wenye kuishi pale, wapi iko pazuri na wapi maji inakamata watu. Wakisema hapana, iko hapana."

Maurice akaandika, jasho likimtoka puani. Libérata akaisoma upya tangu mwanzo, neno kwa neno, kisha akatia sahihi.

"Sasa," akasema, "karatasi yako imeanza kusema kweli."