Ushahidi wa Damu ya Dismasi

Mwaka ambao Warundi walimiminika Kagunga, mpakani, kwa maelfu, Ndayikeza wa Buzebazeba alikwenda zahanati na mumewe Dismasi, afisa mifugo aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida. Ndayikeza mwenyewe alivushwa kutoka Burundi akiwa mtoto mchanga, mgongoni mwa mama yake. Kwa siku tano alikuwa na malengelenge sehemu za siri, na kukojoa kulimuunguza kama pilipili.

Muuguzi Honorata alipitisha kijiti chenye pamba kwenye kidonda, akakipeleka maabara. Majibu yalirudi baada ya siku tisa.

"Ni herpesi," alisema. "Dawa ya kuituliza ipo, ya kuimaliza kabisa hakuna. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi bila dalili. Kwa hiyo kipimo hakisemi nani alianza."

"Mimi sijawahi kuugua," Dismasi alisema. "Hiyo imetoka kwao Burundi."

"Basi tupime na damu yako, kaka."

Damu ilipoingia kwenye kichupa ilikohoa, kisha ikasema kwa sauti ya Dismasi ileile, "Ninayo tangu semina ya chanjo ya ng'ombe, Dodoma, mwaka elfu mbili na sita. Ndayikeza nilikuwa sijamjua bado."

Honorata aliandika daftarini: *Sampuli inaongea.* Akaiomba ipunguze sauti, maana chumba cha pili kulikuwa na mama anajifungua. Majibu ya maabara yalipokuja, yalikuwa yaleyale: anayo. Dismasi alisema mashine zimechakaa.

Habari zilifika kanisani, wazee wakaita kikao. Ndayikeza aliomba kichupa, akakileta kwenye pindo la kitenge.

"Shikamooni wazee," damu iliamkia.

"Marahaba."

Ikaeleza yote, pamoja na jina la nyumba ya wageni. Wazee walisikiliza kwa adabu.

"Umebatizwa?" Mzee Leonardi, mwenyekiti, aliiuliza.

"Nilikuwemo Dismasi alipobatizwa."

"Cheti kina jina la nani?"

"Lake."

"Basi wewe si shahidi."

Iliamuliwa Ndayikeza akae benchi la nyuma na asishiriki meza ya Bwana hadi Pasaka, kwa kuwa ugonjwa umeonekana kwake kwanza. Kwenye chanzo cha ugonjwa, katibu aliandika: *wakimbizi.* Dismasi alipewa pole na chai ya maziwa. Mwezi uliofuata wakamchagua kwenye kamati ya ndoa.

Kichupa kilikaa juu ya kabati la vyombo. Kila asubuhi kilirudia maelezo yake, na jirani yao Feliksi, akipita kwenda mwaloni kununua samaki, alikuwa akisema tu, "Leo damu imewahi." Ndayikeza alimeza vidonge, malengelenge yakakauka.

Jioni moja alimtengea mumewe ugali na mgebuka.

"Baba Erica, sista Honorata alisema mtu anaweza asijue kama anayo. Sikulaumu, wala sitaki wakuadhibu. Lakini damu imesema, wewe hujasema. Nataka niisikie kwa mdomo wako. Hapa tu, tukiwa wawili."

Juu ya kabati, damu ilipanda hadi kwenye kizibo ili imsikie.

Dismasi alinawa. Alikula samaki mpaka ikabaki mifupa mitupu, machozi yakimlengalenga. Kisha akauliza kama suti yake ya kijivu imepigwa pasi, maana kesho asubuhi angewafundisha wachumba somo la kuambiana ukweli.