Bahasha ya Mama Zainabo

Kwa miaka kumi na miwili, mtu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, aliyetaka barua ya ofisini alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha: kwa Momade. Kompyuta yake aliinunua Pemba, makao makuu ya mkoa, akaifunika kitambaa kilichofumwa na mkewe, na watu walikuja hata kutoka kijiji cha Pundanhar, vumbi kichwani, wakakaa kibarazani kwake wakimwita mwalimu. Jina hilo lilimkaa vizuri sana.

Gesi ilipogunduliwa baharini, kila mtu akataka kazi, na barua zikaongezeka mara kumi. Ndipo Nazira akarudi kutoka Pemba na simu ya kioo.

Nazira huyu, jamani, Momade ndiye aliyemfundisha kuchapa! Sasa aliketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yao, akapiga picha kitambulisho cha mtu, akaandika sifa zake kwa kidole gumba, na kabla mwenyewe hajamaliza kutaja jina la babu yake, maombi yalikuwa yameshakwenda. Hakuna karatasi, hakuna wino, wala jenereta ya kubembeleza. Foleni ikahamia kwake. Momade alihesabu vichwa kupitia dirisha lake, na kila kichwa kilimchoma. Alikuwa na wivu, tena wivu mbaya, ule wa kumfanya mtu asusie hata chai.

Juma hilo kampuni moja ilitangaza inatafuta wapishi wa kambi, mwisho wa maombi Ijumaa. Cadija, mke wa Momade, aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Tangu ujana alipika harusi za watu, akiambulia ahsante na sahani ya ubwabwa. Na Jumanne, Momade alimwona mke wake mwenyewe kwenye foleni ya Nazira.

Hakugomba pale. Alisubiri arudi nyumbani.

"Mama Zainabo, umeona wapi barua isiyo na mhuri ikapokelewa? Hata cheti cha kuzaliwa wanakirudisha mhuri ukififia. Hizo za simu wanazitupa."

Aliyasema bila kuwa na hakika nayo. Lakini Cadija alimwamini; nani Palma hajawahi kurudishwa dirishani kwa ajili ya mhuri? Akaenda mbio kwa Nazira.

"Kama hujaituma, ifute, mwanangu. Mume wangu ataniandikia." Mtandao ulikuwa umekatika mchana huo na maombi yalikuwa bado kwenye simu; Nazira akayafuta.

Momade aliiandika barua ile kwa siku mbili. Heshima peke yake zilimaliza mistari mitatu. Akaipeleka ikagongwe mhuri, akaitia kwenye bahasha, na Ijumaa asubuhi akapanda pikipiki hadi lango la kambi.

Mlinzi hakuigusa. "Mzee, karatasi hatupokei. Yote kwa imeile. Prazo, muda wa mwisho, inafungwa saa sita."

Ilikuwa saa nne, muda ulikuwepo. Kompyuta ya Momade haikuwa na mtandao, lakini njia ya kurudi ilipita mbele ya mkeka wa Nazira. Msichana alimwona, akaiona na bahasha, akainuka kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu. Ni ya Mama Zainabo hiyo? Nipe niipige picha, sasa hivi itafika."

Watu wote waliokuwa wateja wake zamani walikuwa pale wanamtazama. Mkono wa Nazira ulikuwa umenyooka, unangoja. Momade alitamani aukate.

"Marahaba. Hakuna haja," alisema. "Wameshaipokea. Hii ni nakala."

Nyumbani alisema hivyohivyo: wameipokea kwa mikono miwili. Cadija akapiga kigelegele.

Baada ya wiki mbili majibu yalikuja kwenye simu za watu. Amélia, jirani yao aliyetoka Mueda, ambaye hata maharage humuungulia, aliitwa kazini. Cadija alikwenda kumpongeza, akarudi, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila kukuna chochote.

"Kumbe za simu nazo walizipokea," alisema. "Basi tulikuwa sawa. Amélia kanizidi nini, baba Zainabo?"

Momade jibu alikuwa nalo. Lakini kulisema ni kukiri mbele ya mkewe kwamba Nazira angeweza na yeye hakuweza.

"Labda ni umri," alisema.

Cadija aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, waliokuja kumwomba awapikie harusi aliwaambia watafute wanawake vijana.